Ampea 13 au ampea 278: gharama ya kuwasha na kuzima inveta

Inveta ya wati 3,000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutoa ampea 13 upande wa nyumba. Upande wa betri, kama mfumo ni wa volti 12, inavuta ampea 278. Nguvu ni ileile na dakika ni ileile. Kinachotofautiana ni mahali ulipoweka kipimo. Swichi ikiwekwa upande wa nyumba hukata mkondo ambao soketi ya kawaida ya ukutani imeundwa kuubeba. Ikiwekwa upande wa betri hukata mkondo mkubwa mara 21. Katika nyumba nyingi zilizofunga inveta wakati wa mgao wa umeme wa Tanzania wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha umeme Februari 2024, swali la wapi pa kuzimia halikuulizwa. Hapa linajibiwa kwa hesabu.

Kwanza maana ya maneno. Betri hutoa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Nyumba hutumia mkondo geu wa volti 230, unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Inveta hugeuza wa kwanza kuwa wa pili, na katika kugeuza hupoteza kiasi. Nimechukua ufanisi wa asilimia 90, hivyo ili itoe wati 3,000 inahitaji kupewa 3,333. Gawanya kwa volti 12 upate ampea 278, kwa volti 24 upate 139, kwa volti 48 upate 69. Asilimia 90 ni dhana ya ukarimu kidogo kwa inveta za bei ya chini, na ikishuka hadi 85 ampea zote hizo zinapanda kwa karibu asilimia 6.

Tofauti ya volti inaonekana zaidi kwenye waya. Chukua betri iliyo mita 2 kutoka kwenye inveta, yaani mita 4 kwenda na kurudi, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 35. Ukinzani wake ni kama omu 0.002. Kwa ampea 69 waya huo unapoteza wati 10 hivi. Kwa ampea 139 unapoteza 39. Kwa ampea 278 unapoteza wati 155, na hapo waya wenyewe umeshazidiwa. Mkondo umeongezeka mara 4, lakini joto limeongezeka mara 16, kwa sababu joto hufuata mraba wa mkondo.

Hesabu hiyo inadhani kila kiungo ni kizuri, na viungo vya mafundi si vizuri siku zote. Kichwa cha waya kilichobanwa kwa nyundo badala ya koleo lake kinaweza kuongeza omu 0.001 mahali pamoja. Kwa mfumo wa volti 48 hiyo ni wati 5, utahisi vuguvugu ukigusa. Kwa mfumo wa volti 12 ni wati 77 kwenye bolti moja, zaidi ya pasi ya fundi redio ya kuyeyushia risasi, ambayo huwa ya wati 40 au 60. Swichi kubwa ya betri ina viungo viwili vya nje na mgusano mmoja wa ndani. Kila unapoiongeza kwenye mstari, umeongeza sehemu tatu za namna hiyo.

Kwa nini basi watu wazime inveta kila siku? Kwa sababu hata isipokuwa na mzigo inakula. Karatasi za vipimo za inveta za ukubwa huu huonyesha matumizi ya bila mzigo kati ya wati 20 na 60, nitumie 40. Kwa saa 24 ni wati-saa 960. Betri ya litiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.12 (uniti moja ni wati-saa 1,000), kwa hiyo inveta iliyokaa bure mchana na usiku hula asilimia 19 ya betri hiyo kwa siku.

Kwa shilingi, tuseme familia inaihitaji saa 10 kwa siku na saa 14 zilizobaki inaweza kuzimwa. Wati 40 kwa saa 14 kwa siku 365 ni uniti 204. Kama betri inachajiwa na umeme wa shirika la TANESCO, ongeza upotevu wa kuchaji na kutoa wa asilimia 15, zinakuwa uniti 240. Bei ya kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika 356. Akiba ya kuzima ni takriban shilingi 85,600 kwa mwaka, au 235 kwa siku.

Namba hiyo ina mipaka miwili ya kuangaliwa. Mwenye paneli za jua ambaye betri yake hujaa saa saba mchana hapati akiba yoyote kwa kuzima wakati huo, maana umeme ungepotea vilevile. Mteja wa kundi la D1, anayelipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, akiba yake ni kama 29,300 tu kwa mwaka. Lakini kwake kuna hesabu nyingine iliyojificha. Inveta ya wati 40 isiyozimwa hula uniti 29 kwa mwezi, asilimia 39 ya zile 75 za bei nafuu. Ikimvusha mpaka huo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350 kabla ya kodi, 427 baada ya kodi.

Akiba, kwa hiyo, ipo, na ni ndogo. Inaweza kuliwa yote na swichi isiyofaa. Tuseme mtu amenunua swichi ya betri ya shilingi 120,000 na kuitumia kila jioni, nayo ikaungua baada ya miaka miwili. Kila mwaka imemgharimu 60,000, asilimia 70 ya akiba ya mteja wa T1, na mara mbili ya akiba ya mteja wa D1.

Inaungua kwa nini? Sababu ni mbili: moja hutokea wakati wa kuwasha, nyingine wakati wa kuzima, na hazifanani.

Wakati wa kuwasha, tatizo ni kapasita. Kwenye mlango wa betri wa inveta kuna kapasita zinazotuliza mkondo, na zikiwa tupu hazina tofauti na waya uliounganishwa moja kwa moja. Nichukue maikrofaradi 5,000 kwa jumla, na njia nzima ya betri, waya na kapasita zenyewe yenye ukinzani wa omu 0.025. Volti 51.2 gawanya kwa 0.025 ni ampea 2,048. Namba hiyo ni ya juu kuliko hali halisi, kwa sababu waya mrefu huchelewesha kupanda kwa mkondo. Ikate nusu: bado ni ampea 1,000, kupitia swichi iliyoandikwa 300. Hiyo ndiyo cheche ya bluu na mlio wa “paa” anaousikia mtu akigusisha waya kwenye betri. Ukifungua swichi iliyotumika hivyo kwa muda, kwenye uso wa shaba utaona vishimo vyeusi vyenye ukubwa wa kichwa cha pini, na kando yake vishanga vya chuma kilichoyeyuka na kuganda. Eneo la mgusano limepungua, ukinzani umepanda, na zile wati za joto zinaanza kukusanyika mahali pamoja hata inveta ikifanya kazi kwa utulivu.

Kinachoshangaza katika hesabu hii ni udogo wa nishati. Kapasita hizo zikijaa zinahifadhi jouli 6.6 tu, na katika kujaa kiasi hichohicho cha jouli hupotea njiani kama joto. Kanuni ni kwamba upotevu huo haubadiliki hata ukinzani uwe mdogo au mkubwa. Kinachobadilika ni muda na mahali. Bila rizista, sehemu kubwa yake hutolewa ndani ya chini ya elfu moja ya sekunde, na mengi ya madhara yake yanaishia pale chuma kinapogusana. Ukipitisha kwanza kwenye rizista ya omu 47, mkondo wa juu kabisa ni ampea 1.1, kapasita zinajaa kwa sekunde 1.2 hivi, na joto lote linabaki ndani ya rizista. Mwanzoni kabisa rizista inapokea wati 56, lakini kwa muda mfupi sana, kwa hiyo ya wati 10 iliyozungushiwa waya inatosha. Mafundi wengine hutumia balbu ya zamani ya wati 100 ya volti 230, ambayo ikiwa baridi ina ukinzani wa karibu omu 40. Inafanya kazi ileile.

Mpango huo una sharti ambalo likivunjwa hesabu yote inaanguka. Swichi ya inveta yenyewe lazima iwe imezimwa wakati wa kujaza kapasita. Ikiwa imewashwa, inveta inaanza kuvuta umeme kupitia rizista, volti hazifiki juu, na ukibana swichi kubwa cheche inatokea karibu kama kawaida, pamoja na rizista iliyopata moto.

Betri za litiamu zimeongeza sura nyingine. Ndani yake kuna saketi ya ulinzi, ambayo nayo ni swichi, ya transista. Ikiona ampea 1,000 kwa ghafla haiwezi kujua kama ni kapasita au ni waya zimegusana, inakata. Mwenye nyumba anaona betri “imekufa” siku ya kwanza. Vilevile saketi yenye kikomo cha ampea 100 inatosha kwa inveta ya wati 3,000 katika matumizi ya kawaida, ampea 65 kwa volti 51.2, lakini wauzaji huandika kwamba inveta hiyo hustahimili wati 6,000 kwa sekunde chache. Hizo ni ampea 130. Pampu ya maji ikianza, namba mbili zilizoandikwa kwenye vifaa viwili zinapingana, na anayeshinda ni yule anayekata haraka.

Wakati wa kuzima, tatizo ni mwali. Swichi ikifunguka huku mkondo unapita, umeme huruka pengo na kuendelea kupita hewani. Mkondo geu hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 10, na hapo mwali hupata nafasi ya kuzimika wenyewe. Mkondo mnyoofu haufiki sifuri kamwe. Mwali wake lazima ukatwe kwa umbali, kwa sumaku au kwa vyumba maalumu vya kuupoza.

Tazama rilei ndogo ya bluu inayofungwa kwenye bodi nyingi za kielektroniki. Juu yake, kwa maandishi meupe, imeandikwa ampea 10 kwa volti 250 za mkondo geu, na chini yake ampea 10 kwa volti 30 za mkondo mnyoofu. Chuma ni kilekile na chemchemi ni ileile, lakini volti zinazoruhusiwa zimepungua mara 8. Breka ya kawaida ya ukutani haikuandikwa chochote kuhusu mkondo mnyoofu, na fundi anayeifunga kwenye betri ya volti 51.2 kwa sababu “volti 250 ni nyingi kuliko 51” amelinganisha namba mbili zisizolinganishika. Hata breka zilizotengenezwa kwa mkondo mnyoofu, baadhi zina alama ya kujumlisha upande mmoja. Sumaku ya ndani husukuma mwali kuelekea kwenye chumba chake endapo mkondo unatoka upande huo tu. Ukigeuza waya, inausukuma kwenye plastiki.

Namba nyingine ya kutiliwa shaka ni hiyo “volti 48”. Ni jina la mfumo, si kipimo. Seli 16 za litiamu-fosfeti zikichajiwa hadi volti 3.65 kila moja zinafika 58.4. Zikikaribia kuisha, kwa volti 2.8, zinashuka hadi 44.8. Ziko swichi za betri zenye kikomo kilichoandikwa volti 48. Katika mfumo huu zinazidiwa kwa asilimia 22 kila betri inapojaa. Na upande wa chini, volti zikishuka hadi 44.8, ampea zinapanda kutoka 65 hadi 74. Ongeza robo kama akiba ya kawaida, unapata 93, ndiyo maana fyuzi inayofaa hapa ni ya 100.

Fyuzi ina namba mbili, na wanunuzi wengi husoma moja. Ya kwanza ni ampea inazobeba. Ya pili ni ampea inazoweza kukata bila kupasuka. Seli 16 zenye omu 0.0005 kila moja ni omu 0.008; ongeza 0.004 za waya na viungo. Waya zikigusana, volti 51.2 juu ya omu 0.012 ni ampea 4,267. Betri mbili sambamba, ampea 6,400. Breka nyingi ndogo zimeandikwa 6000 ndani ya kisanduku kidogo, na hata hiyo ni kwa mkondo geu. Fyuzi za magari za kufungwa kwa bolti mara nyingi ni za volti 32. Fyuzi za daraja T hukata ampea 20,000. Viwango vya Marekani vya umeme wa boti vinataka ulinzi huo uwe ndani ya inchi 7, kama sentimita 18, kutoka kwenye betri, isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa. Sababu inaeleweka hata nchi kavu: kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Wapo wanaosema saketi ya ulinzi ya betri inatosha. Inatosha ikiwa haijaharibika, na ni transista zilezile tulizozipiga ampea 1,000 kila jioni.

Kwa hiyo kuna mahali kadhaa pa kukatia, na kila pahala pana namba yake. Swichi ndogo iliyo ubavuni mwa inveta, au waya mbili za kuidhibiti kwa mbali, hupitisha sehemu ndogo tu ya ampea. Hiyo ndiyo ya kila siku. Swichi kubwa ya betri ni ya matengenezo, na hufunguliwa wakati hakuna mkondo. Fyuzi ni ya ajali. Ukizima, toa kwanza mizigo ya nyumba, kisha inveta, kisha paneli kama zipo, mwisho betri. Chaja za jua nyingi hazivumilii kuondolewa betri wakati paneli zinatoa umeme, na mstari wa paneli 8 unaweza kuwa na volti 400 za mkondo mnyoofu ambazo mwali wake hauzimiki kirahisi. Baada ya hapo kapasita bado zimejaa. Vitabu vingi vya inveta hutaka usubiri dakika 5 kabla ya kufungua kifuniko, na hata hapo pima kwa mita.

Kwa betri za asidi, cheche ina bei nyingine. Zikichajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Chumba kidogo kisicho na dirisha na mtu anayegusisha waya juu ya nguzo ya betri ni hesabu isiyohitaji shilingi.

Upande wa nyumba nao unahitaji chenjiova, ili inveta na TANESCO visikutane. Transfoma ya mtaa haina mlango wa upande mmoja: volti 230 zikirudi kwenye koili yake ndogo, koili kubwa inatoa volti 11,000. Mara nyingi inveta itazimika kwanza kwa kuzidiwa na mzigo wa majirani. Lakini kama waya umekatwa karibu, na mzigo uliobaki ni mdogo, volti hizo zinaweza kusimama, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini mstari umezimwa. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, au ya EPRA kwa Kenya.

Sasa bili. Bei zifuatazo ni za mfano wa hesabu. Weka za fundi wako. Betri shilingi 3,200,000, inveta 1,300,000, jumla 4,500,000. Fyuzi ya daraja T na kishikio chake 150,000. Swichi ya betri ya volti zinazofaa 120,000. Chenjiova 60,000, breka ya upande wa nyumba 15,000. Rizista na kitufe chake 15,000, waya mbili na swichi ndogo ya ukutani 10,000. Jumla ya ulinzi na uzimaji ni 370,000, asilimia 8.2 ya vifaa. Njia ya mkato, breka moja ya ukutani kwenye waya wa betri, ni 15,000. Tofauti ni 355,000.

Je, tofauti hiyo inalipa? Kama hasara inayoogopwa ni inveta peke yake, inalipa endapo uwezekano wa kuipoteza ndani ya miaka 10 unazidi asilimia 27, karibu 2.7 kwa mwaka. Kama ni inveta na betri pamoja, mpaka unashuka hadi asilimia 7.9, chini ya 0.8 kwa mwaka. Hesabu hiyo inadhani nyumba haiungui na mtu haumii. Msomaji anayeweka namba yoyote kwa vitu hivyo viwili atakuta mpaka unashuka karibu na sifuri.

Lakini kulaumu uzimaji wa kila siku kwa shilingi 370,000 zote si haki. Fyuzi, chenjiova, breka na swichi ya matengenezo zingehitajika hata kama inveta haizimwi kamwe. Kinachoongezwa kwa ajili ya kuwasha na kuzima kwa usalama ni rizista na kitufe, na waya mbili na swichi ndogo: shilingi 25,000, asilimia 0.6 ya vifaa. Mteja wa T1 anazirudisha kwa miezi mitatu na nusu. Mteja wa D1, kwa miezi 10.